Saa moja tu, mbona inaniumiza wiki nzima?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Leicester, Uingereza, huu ni mwaka wa sita. Nafanya kazi ya kutunza wazee, mara nyingi zamu za usiku, na nina watoto wawili, mmoja wa miaka minne na mwingine saba. Kila mwisho wa mwezi wa tatu saa zikisogezwa mbele huwa kama mgonjwa wiki nzima: kichwa kizito, usingizi hauji, hasira za karibu. Watoto usiku hawalali, asubuhi hawaamki. Wenzangu kazini wananiambia ni saa moja tu, nitazoea. Je, kweli saa moja inaweza kumsumbua mtu hivi, au nina tatizo jingine? Nifanye nini? Na mama yangu Tanga hanielewi kabisa, kila mwaka tunagombana kuhusu muda wa kupigiana simu. Ananiuliza, hivi saa inasogezwaje?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na mama yako, maana yeye ndiye aliyeuliza swali lenyewe. Saa inasogezwaje? Haisogezwi. Kinachosogezwa ni mshale, kisha watu wote wanakubaliana kuufuata. Jua la Leicester Jumapili ile linatoka pale pale lilipotoka Jumamosi, limewahi dakika mbili tu kwa kuwa ni msimu wa siku kurefuka. Mwili wako uko upande wa mama yako: nao hauelewi mshale. Jumamosi umelala kwa kufuata jua, Jumapili unaamshwa kwa kufuata saa ya ukutani, na hilo pengo la katikati ndilo linalokupa kichwa kizito.

Kwa maelezo uliyonipa sioni dalili ya ugonjwa mwingine, kwa sababu shida yako inakuja na kusogezwa kwa saa na inaondoka baada ya wiki. Ingekuwa inapita wiki mbili au tatu, au inakujia hata miezi mingine, ningekutaka umwone daktari wako wa hapo mtaani bila kungoja. Lakini hao wanaokuambia ni saa moja tu hawajui wanachosema, na nitakueleza kwa nini.

Hesabu yetu ya saa ilizaliwa mahali ambapo jua lina adabu. Tanga iko kama nyuzi tano tu kusini mwa ikweta, na siku iliyo ndefu kuliko zote na iliyo fupi kuliko zote zinapishana kwa takriban nusu saa. Ndiyo maana mtu wa pwani anaweza kuuhesabu mchana kuanzia kucha, akasema saa moja, saa mbili, saa sita jua likiwa utosini, saa kumi na mbili likiwa linakwenda kuzama, na hesabu ikasimama mwaka mzima bila mtu kuirekebisha. Leicester hesabu hiyo haisimami. Mwezi wa sita mchana wa huko unapita saa kumi na sita na nusu. Mwezi wa kumi na mbili haufiki hata saa nane. Ukimwambia mtoto wako wa miaka minne mwezi wa sita, "Saa mbili usiku hii, nenda kalale," anachungulia dirishani, anaona jua, na anakujibu kwamba si usiku. Ana haki. Hakuna usiku pale.

Basi watu wa nchi hizo walitazama miezi ya kiangazi wakaona jua linatoka watu wote wakiwa bado wamelala, na jioni giza linaingia wakati bado wanataka kuwa nje. George Hudson wa New Zealand, mfanyakazi wa posta aliyekuwa mkusanyaji hodari wa wadudu, alipendekeza mwaka 1895 saa zisogezwe kwa saa mbili nzima, maana alitaka mwanga wa kutafutia wadudu baada ya kazi. Huko uliko, mjenzi aitwaye William Willett alitoa kijitabu mwaka 1907 akilia na mwanga wa asubuhi unaopotea bure. Alifariki mwaka 1915, bunge halijamkubalia. Vita Kuu ya Kwanza ikawafanyia kazi hiyo. Ujerumani ilisogeza saa tarehe 30 Aprili 1916 ili kuokoa makaa ya mawe, na Uingereza ikafuata tarehe 21 Mei mwaka huo huo. Tangu hapo mambo yamebadilishwa mara nyingi, lakini utaratibu wa sasa unaujua: Jumapili ya mwisho ya Machi, ikifika saa saba usiku inaitwa saa nane; Jumapili ya mwisho ya Oktoba, ikifika saa nane usiku inarudishwa kuwa saa saba.

Kama faida yake ni kubwa kuliko hasara, mimi nina shaka. Hoja ya kuokoa nishati, iliyoanzisha mambo yote haya, siku hizi imedhoofika sana. Jimbo la Indiana huko Marekani lilipoanza kusogeza saa kote mwaka 2006, wachumi walipitia bili za umeme za majumbani wakakuta matumizi yamepanda kwa takriban asilimia 1, kwa sababu taa walizookoa jioni zililiwa na viyoyozi na vipasha joto.

Sasa tuje mwilini. Ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho mawili inapopishana, kuna fungu dogo la seli ambalo ndilo mpiga ngoma wa mwili mzima. Linaamua lini joto la mwili lishuke, lini homoni ya usingizi iitwayo melatonini ianze kumwagwa, lini tumbo litarajie chakula. Ngoma hiyo kwa watu wengi haipigwi kwa mzunguko wa saa 24 barabara. Inazidi kidogo, kwa wastani kama dakika kumi. Maana yake ni kwamba mwili ukiachiwa wenyewe unaelekea kuchelewa, na kila siku kuna kitu kinaushika mkono na kuurudisha kwenye mstari. Kitu hicho ni mwanga, hasa wa asubuhi, unaoingia machoni.

Ukishaelewa hilo, Machi inajieleza yenyewe. Mwili unaopenda kuchelewa unaamriwa kuwahi, tena kwa usiku mmoja, na wakati huo huo unanyang'anywa dawa yake. Jumamosi ya mwisho ya Machi jua la Leicester linatoka kabla kidogo ya saa kumi na mbili. Jumapili linatoka kabla kidogo ya saa moja. Yule mtoto uliyekuwa ukimwamsha kumeshakucha, Jumatatu unamwamsha kukiwa na utusitusi. Jioni nayo jua lililokuwa likizama saa kumi na mbili unusu sasa linazama saa moja unusu, na mwanga wa jioni kazi yake ni kuuchelewesha mwili zaidi. Asubuhi umepunguziwa mwanga unaokuwahisha, jioni umeongezewa unaokuchelewesha. Oktoba ni kinyume chake, ndiyo maana wengi hawalalamiki.

Hao wenzako wa "saa moja tu" waambie pia haya. Watafiti wawili nchini Marekani, Barnes na Wagner, walionyesha mwaka 2009 kwamba baada ya saa kusogezwa mbele watu hulala pungufu kwa wastani wa dakika 40, na katika migodi ajali za kazini Jumatatu inayofuata zilipanda kwa karibu asilimia 6. Uchunguzi mwingine wa huko huko uliotolewa mwaka 2020, wa ajali mbaya za barabarani za zaidi ya miaka ishirini, ulikuta vifo vya ajali vikiongezeka kwa asilimia 6 katika wiki ya kazi inayofuata. Habari ya moyo inabishaniwa: watafiti wa Sweden mwaka 2008 waliona mshtuko wa moyo ukiongezeka kwa asilimia 5 wiki ya kwanza, lakini uchunguzi mkubwa wa Marekani uliotoka mwaka 2025 haukuona ongezeko. Kwa hiyo sikutishi kuhusu moyo. Nakutahadharisha kuhusu barabara, na nitarudi hapo.

Jambo moja limenigusa miaka yote niliyoishi Ulaya. Wanaotambua mabadiliko haya vizuri zaidi ni wale ambao siku yao bado imefungwa kwenye jua. Mwenye simu haoni kitu, maana simu inajibadilisha yenyewe usiku. Ataona labda saa ya jiko au ya gari imebaki nyuma. Lakini Muislamu anayeswali kwa ratiba ya msikiti anaona adhuhuri ya saa sita na dakika chache imeruka ikawa saa saba na dakika chache. Mwaka 2024 saa zilisogezwa tarehe 31 Machi, katikati ya Ramadhani, na siku hiyo hiyo ilikuwa Jumapili ya Pasaka. Nyumba moja wanafuturu kwa saa iliyosogea na kujiuliza kama wamekosea, nyumba ya jirani Wakristo wanafika kanisani na kukuta ibada imekwisha nusu. Mfugaji naye anajua: ng'ombe hakusomewa tangazo, anataka kukamuliwa kiwele kikijaa.

Hata huko kwetu wanaona, ingawa hawasemi hivyo. Muulize kijana yeyote wa Ngamiani, pale Tanga, anayekwenda kuangalia mpira. Mechi ya Uingereza ya Jumamosi saa tisa alasiri, msimu wa baridi anaikuta kibandani saa kumi na mbili jioni, na ikifika Aprili inaanza saa kumi na moja. Zile za usiku za Ulaya zinazoanza saa tano usiku zinarudi saa nne, naye anashukuru kwa kupata usingizi. Saa yake haikuguswa. Ni ya Ulaya iliyomsogelea.

Turudi kwako. Nitakupa ushauri kwa njia mbili, kwa sababu inategemea usiku ule wa Jumamosi uko kazini au uko nyumbani.

Ukiwa nyumbani, kazi inaanza Jumatano. Kila usiku lala mapema zaidi kwa robo saa, wewe na watoto, ili Jumamosi usiku muwe mmeshalipa deni la saa nzima kabla halijadaiwa. Kosa ninaloliona kwa wazazi wengi ni kusogeza kitanda peke yake. Sogeza na chakula cha jioni, sogeza na kuoga, sogeza na hadithi, kwa sababu mwili wa mtoto unasoma foleni nzima ya mambo, hausomi shuka. Asubuhi kila siku fungua mapazia mapema, wanywe uji karibu na dirisha, na kama shule inafikika kwa miguu watembee. Nje hata siku ya mawingu mazito ya huko kwenu mwanga unazidi ule wa sebuleni mara kumi na zaidi, ingawa jicho halikuambii hivyo. Hata ukitoka dakika ishirini tu, umeusaidia mwili.

Jioni fanya kinyume. Funga mapazia mazito saa moja kabla ya kulala ingawa jua lipo, punguza taa, weka simu na televisheni pembeni. Yule wa miaka saba mchukulie chungwa na tochi, mwonyeshe upande unaomulikwa na upande wa giza, kisha uinamishe chungwa ili aone kwa nini kwa bibi Tanga usiku hauchezi na kwa nini Leicester unacheza. Nimeona mtoto aliyeelewa hilo akakubali kulala na jua dirishani kwa moyo mweupe kuliko aliyeamriwa.

Na chai, mdogo wangu. Najua nyumba ya mtu wa Tanga haipitishi jioni bila chai ya rangi yenye tangawizi. Kafeini hukaa mwilini. Nusu ya uliyokunywa bado imo baada ya kama saa tano. Wiki hiyo moja kikombe cha mwisho kiwe alasiri, na jioni kunywa maji ya tangawizi bila majani. Usinunue vidonge vya melatonini mtandaoni wala usiombe uletewe na jamaa kutoka Marekani, ambako vinauzwa kama peremende. Uingereza ni dawa ya kuandikiwa na daktari, na kwa mtu wa zamu, kipimo na muda wa kumeza ndiyo kila kitu. Ukimeza muda usio wake unaweza kujivurugia zaidi.

Sasa ukiwa kazini usiku ule. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo ninapowaona watu wetu wengi wakiumia na hakuna anayewaeleza.

Zamu yako ya saa mbili usiku hadi saa mbili asubuhi, usiku wa Machi ni ya saa kumi na moja halisi. Ya Oktoba ni ya saa kumi na tatu. Ukilipwa kwa saa, hiyo saa ya kumi na tatu ni jasho lako. Usome mkataba na umuulize msimamizi kabla ya usiku wenyewe, si baada. Nimeshuhudia wengi wakinyamaza kwa kuona haya. Usione haya.

La pili ni dawa za wazee, na hili naomba ulishike hata ukisahau mengine yote. Tuseme kuna mzee anayepewa paracetamol, na kati ya dozi na dozi zisipungue saa nne. Umempa saa tano usiku. Usiku wa Machi ukimpa tena saa tisa, ukutani zimepita nne lakini mwilini mwake zimepita tatu. Sahihi ni kungoja saa kumi alfajiri. Usiku wa Oktoba inageuka: ile dawa ya saa tano usiku, zikipita saa nne halisi ukuta unaonyesha saa nane tu, na mzee mwenye maumivu akikuambia amengoja sana, anasema kweli. Hesabu kwa vidole usiku huo, usihesabu kwa ukuta. Kwa dawa ambazo mtu anameza mara moja kwa siku, kama nyingi za shinikizo la damu, saa moja kwa kawaida haina shida, mhamishe tu kwenye saa mpya. Kwa insulini, kwa dawa za kifafa na za Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka, uliza mfamasia au muuguzi mkuu siku kadhaa kabla.

La tatu ni kuandika. Usiku wa Oktoba saa saba na nusu inakuja mara mbili. Zamani nikifanya zamu katika hospitali moja, tulipokezana asubuhi tukakuta katika faili vipimo viwili vya shinikizo la damu, kimoja cha saa saba na dakika arobaini na kingine cha saa saba na dakika hamsini, cha pili kikiwa chini sana. Hakuna aliyeweza kusema kama mgonjwa yule alishuka ndani ya dakika kumi au ndani ya saa moja na dakika kumi, na hiyo ni tofauti ya kukimbia na kutembea. Mgonjwa alipona, lakini mimi tangu siku ile sijawahi kuandika saa peke yake usiku wa Oktoba. Andika BST kwa ile saa saba ya kwanza, ya saa za kiangazi, na GMT kwa ile ya pili. Herufi tatu tu, na anayepokea zamu anajua yuko wapi.

La nne ni mwili wako wewe. Jumamosi mchana lala saa moja na nusu kabla ya kwenda kazini. Ukitoka Jumapili asubuhi, saa mbili ya ukutani kwa mwili wako ni saa moja, bado hujatoka mbali na bonde la usingizi la alfajiri, pale mwili unapodai kulala kuliko saa nyingine zote. Kama unaendesha gari, tafadhali, siku hiyo panda basi, au lala dakika ishirini ndani ya gari kabla ya kuwasha. Zile namba za ajali nilizokupa hapo juu nyingi ni za watu waliolala vitandani mwao usiku, wewe hukulala. Nyumbani chumba kiwe giza totoro. Kama wiki nzima unaendelea na usiku, usijitese kuhamisha mwili, linda tu giza la mchana. Kama Jumatatu unarudi mchana, lala saa tatu au nne tu Jumapili, kisha amka utoke nje ulipate jua, usiku ulale mapema na watoto.

Kuhusu Oktoba sina mengi, isipokuwa usidanganywe na ile saa ya bure. Watoto wataamka saa kumi na moja alfajiri kwa siku kadhaa. Waachie taa hafifu, usiwashe nyumba nzima. Kinachouma Oktoba kinakuja baadaye: ghafla jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni, na mtu wa zamu ya usiku anaweza kupita siku tano asilione kabisa. Ukiona moyo unazama na giza hilo, hutaki watu, unalia bila sababu wiki baada ya wiki, hiyo inatibika, nenda kaseme. Na kwa sisi wenye ngozi nyeusi, ushauri wa afya nchini Uingereza ni kufikiria vitamini D ya mikrogramu 10 kwa siku, mwaka mzima, na watoto wako pia. Ni bei ndogo.

Utaniuliza kama wataacha. Bunge la Ulaya lilipiga kura Machi 2019 kufuta mtindo huu ifikapo 2021, lakini serikali za nchi wanachama hazikukubaliana zibaki na saa ipi, na mpaka leo mshale unasogea. Ugumu uko hapo hapo, kwenye "saa ipi". Uingereza ilijaribu kubaki na saa za kiangazi mwaka mzima kuanzia 1968 ikaacha 1971, kwa sababu asubuhi za baridi zilikuwa giza tupu. Marekani ilijaribu Januari 1974, watoto wakawa wanakwenda shule gizani, na kabla mwaka huo haujaisha ikarudi nyuma. Mimi niko pamoja na madaktari wa usingizi wa Marekani, ambao chama chao mwaka 2020 kilitaka saa ibaki ile ya kawaida, ya jua, mwaka mzima. Jua la asubuhi lina thamani kwa mwili kuliko la jioni.

Imebaki simu ya mama. Ugomvi wenu unatokana na kupangana kwa saa mbili zinazotembea tofauti. Baridi Tanga iko mbele yenu kwa saa tatu, kiangazi kwa saa mbili. Saa mbili usiku ya Tanga, Januari ni saa kumi na moja jioni kwako. Mei ni saa kumi na mbili. Kwa hiyo acha kabisa kumpangia kwa saa yako. Saa ya Tanga ndiyo haisogei, basi hiyo iwe nguzo, na anayehama uwe wewe. Kwenye kalenda ya simu yako andika miadi hiyo ukichagua majira ya Dar es Salaam, simu itakuhamishia yenyewe Machi na Oktoba. Kama kundi la familia lina mtu Muscat, yeye habadiliki, yuko mbele ya Tanga kwa saa moja siku zote. Kama lina mtu Marekani, jihadhari na Machi: wao wanasogeza Jumapili ya pili, ninyi ya mwisho, na wiki mbili tatu za katikati hesabu zote za mwaka mzima zinakosea. Na ukisikia jirani yako Mkongo anasema kiangazi saa ya Goma, mashariki ya Kongo, na ya Brussels hazipishani, hajakosea, ni saa ile ile kabisa.

Lakini kwa mama usimweleze lolote kati ya haya. Pwani yetu jua linazama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro dakika kumi, mwezi wowote. Mwambie hivi: "Mama, wewe ukimaliza kuswali isha nipigie, mimi nitakuwa nangoja." Hiyo anaielewa, na Machi haitaigusa.